Halford Mackinder: Aliyefika Batian, na Waliombebea Mizigo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Hapa kwetu Kilimani kuna barabara iitwayo Lenana Road. Wengi wetu huipita asubuhi na jioni, wengine kwa miguu, wengine wakiwa wamebanana ndani ya matatu, na sidhani kuna anayesimama kujiuliza huyu Lenana ni nani. Ukiwauliza wanafunzi kumi, wawili watakwambia ni barabara, watano watasema ni shule ya wavulana, na waliobaki watasema ni kilele cha Mlima Kenya. Wote wamesema kweli. Lakini kabla ya hayo yote Lenana, au Olonana kama wasemavyo wenyewe Wamaasai, alikuwa mtu. Alikuwa laiboni, mwana wa laiboni mkuu Mbatian. Hakuupanda mlima ule. Aliyelibandika jina lake kule juu ni Mwingereza mmoja aliyepita hapa Nairobi mwaka wa 1899, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa mahema, mabati na matope ya reli. Jina lake Halford John Mackinder, na ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji wa Gainsborough, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, akaanza na sayansi, akaingia historia, kisha akasomea uanasheria pia. Wacha nisiwachoshe na vyeti vyake, maana vilikuwa vingi. La muhimu ni kwamba alipenda jiografia wakati ambapo jiografia haikuheshimiwa. Siku hizo vyuoni iliaminika kuwa jiografia ni kazi ya kukariri majina ya mito na miji mikuu, kitu cha watoto wa shule za msingi. Mackinder alisimama mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia kule London mwaka wa 1887, akiwa na miaka 25 tu, akawaeleza wazee wale kwamba jiografia ni elimu kamili inayounganisha ardhi na maisha ya watu. Mwaka huo huo akapewa kazi ya kufundisha somo hilo Oxford. Nyinyi mnaolalamika kuwa jiografia imejaa michoro na ramani, mlaumuni yeye kwa sehemu.

Hata hivyo palikuwa na kasoro moja. Huyu bwana aliyefundisha habari za dunia hakuwa amesafiri popote pa kutisha. Enzi hizo mwanajiografia wa kweli alikuwa yule aliyerudi na ndevu ndefu na homa ya malaria, akisimulia alivyovuka majangwa. Mackinder alikuwa na ubao na chaki. Kwa hiyo akatafuta mlima.

Kwa nini Mlima Kenya? Hapa inafaa turudi nyuma kidogo. Mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu mwaka wa 1849 akiwa Ukambani, upande wa Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, naye akaandika kwa namna alivyolisikia jina hilo, na ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu nzima. Aliposema kuwa ameona theluji karibu kabisa na Ikweta, wasomi wa Ulaya walimcheka. Kumbe Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wamaasai walikuwa wakiutazama weupe ule tangu jadi, na wala hawakuhitaji mtu wa kuwathibitishia. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, nao waliugeukia walipoomba. Baadaye Hesabu Teleki kutoka Hungary alipanda hadi juu ya msitu mwaka wa 1887, na John Walter Gregory akafika kwenye mito ya barafu mwaka wa 1893. Hakuna kati yao aliyegusa kilele. Kilimanjaro ilikuwa tayari imepandwa mwaka wa 1889 na Mjerumani Hans Meyer pamoja na Ludwig Purtscheller. Mackinder alikuwa na hofu kwamba Meyer atakuja kuuchukua na wa pili. Kwa hiyo ile ilikuwa mbio, tena mbio baina ya mataifa mawili yaliyokuwa yakigawana nchi zetu bila kutuuliza.

Reli ndiyo iliyomfungulia mlango. Ilitoka Mombasa na kufika mahali palipoitwa Nairobi mwezi wa Mei 1899. Zamani msafara ungetumia miezi kutoka pwani hadi hapa, ukipita jangwa la Taru ambalo wengi walifia kwa kiu. Sasa Mackinder na watu wake walipanda gari moshi. Ni Wazungu sita kwa jumla: Mackinder mwenyewe, Campbell Hausburg, jamaa ya mkewe, aliyekuwa msaidizi wake na mpiga picha, Saunders, aliyekusanya mimea, Camburn, fundi wa kukausha ngozi za wanyama na ndege, na viongozi wawili wa milima kutoka Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Hawa wawili wa mwisho wawekeni akilini.

Halafu kuna wengine. Walikuwapo Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Jumlisha na Wazungu sita utapata watu 170. Vitabu vingi huwataja Wazungu sita kwa majina na kazi zao, kisha vinawaweka hawa 164 katika sentensi moja kana kwamba ni magunia. Mimi kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili nimeona si haki kuwapita hivyo, maana lugha tunayoipigania katika jarida hili ndiyo iliyosikika katika msafara ule. Hawa Waswahili wa pwani walikuwa mafundi wa safari. Kazi ya upagazi ilikuwa na desturi zake: kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi kichwani au begani, posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na nyapara wa kuwaamrisha. Walikuwa wamezoea joto la nyika. Theluji hawakuizoea, na wengi wao hawakuwa na viatu.

Msafara ukaondoka Nairobi mwisho wa Julai 1899 na kushika njia ya kaskazini, kupitia nchi ya Wakikuyu. Na hapa ndipo hadithi inapoanza kuwa chungu.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kupita na watu 170 wenye njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana. Ukambani njaa hiyo iliitwa Yua ya Ngomanisye, na kwa Wakikuyu iliitwa Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu iliandamana na kuja kwa wageni. Pamoja na njaa ilikuja ndui. Tauni ya ng'ombe ilikuwa imeshamaliza mifugo miaka michache kabla. Watu walikufa kwa maelfu, vijiji vikabaki mahame. Hebu fanya hesabu rahisi: watu 170, kibaba kimoja kila mmoja, kila siku. Vibaba 170 vitoke wapi katika nchi ambayo mama anatafuta mizizi ya kumpikia mtoto? Msafara ulitegemea kununua chakula njiani. Wenyeji hawakuwa na cha kuuza, na wale waliokuwa nacho hawakuona faida ya kukibadilisha kwa shanga na nguo. Wapagazi wakaanza kutoroka. Wengine wakaiba chakula vijijini, na wenyeji kwa haki kabisa wakakasirika.

Mackinder aliijibu hali hiyo kwa ukali. Katika maandishi yake mwenyewe hakuficha kuwa alitumia kitisho cha bunduki ili watu wamtii na mizigo isonge mbele. Sisemi kwamba alikuwa mbaya kuliko wasafiri wengine wa wakati wake. Stanley alifanya makubwa zaidi. Lakini wako wasomaji watakaosema ati tusimhukumu mtu wa kale kwa vipimo vya leo, nami nawauliza, yule mpagazi aliyeelekezewa mtutu wa bunduki alitumia vipimo vya mwaka gani?

Walifika chini ya mlima tarehe 18 Agosti na kupiga kambi. Chakula hakuna. Baadhi ya watu wakatumwa kwenda kukitafuta, na Waswahili wawili wakauawa na wenyeji. Ikabidi Saunders atumwe hadi Naivasha, ng'ambo ya milima ya Nyandarua, akaombe msaada kwa ofisa wa serikali, Kapteni Gorges. Mtu mwingine angekunja virago hapo hapo. Mackinder hakukunja. Aliwaacha wenzake wakingojea chakula, yeye akapanda.

Sasa kuhusu upandaji wenyewe nitamsifu bila kinyongo, maana si mchezo. Wanaokwenda Mlima Kenya siku hizi huenda Lenana, kilele cha tatu, chenye mita 4,985, ambacho mtu mwenye pumzi na koti zuri anaweza kukifikia kwa miguu. Batian, mita 5,199, ni kitu kingine. Batian na jirani yake Nelion, mita 5,188, ni ukuta wa mwamba uliosimama, mabaki ya shina la volkano ya kale ambayo kingo zake zimeliwa na barafu na mvua. Hapo hupandi kwa kutembea. Unapanda kwa mikono, kamba na roho mkononi. Na wakati ule hapakuwa na ramani ya njia wala mtu wa kumuuliza.

Njia yao ilianza upande wa magharibi. Walivuka msitu mnene wa mianzi, kisha wakatoka penye nyasi na ile mimea ya ajabu inayofanana na kabichi kubwa juu ya nguzo. Kambi moja waliiweka kwenye kimo cha mita 3,100 hivi. Wapagazi walipandisha mizigo hadi kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya vyombo, watu ambao majuma machache kabla walikuwa wakioga baharini. Tarehe 30 Agosti Mackinder, Ollier na Brocherel walijaribu kupitia ukuta wa kusini-mashariki. Walikaribia kilele cha Nelion, zimebaki kama mita 100 tu, giza likawafumania, wakarudi. Tarehe 5 Septemba Hausburg na wale viongozi wawili wakauzunguka mlima mzima wakitafuta mahali rahisi. Hawakupaona. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel wakajaribu kupitia barafu ya Darwin, dhoruba ya theluji ikawafukuza.

Baadaye Saunders akarudi na chakula kutoka Naivasha. Wale watatu wakafunga kamba tena. Waliuvuka mto wa barafu uitwao Lewis, wakaparamia ukuta wa Nelion, na usiku ukawakuta huko huko mwambani. Walilala pale, kama kulala ndiko kuitwako huko. Alfajiri wakavuka uwanja wa theluji ulio juu ya barafu ya Darwin na kukabiliana na barafu nyingine inayoning'inia kati ya Batian na Nelion. Barafu ile ilikuwa ngumu kupita kiasi. Ilibidi kuchonga kila ngazi kwa shoka, na kila ngazi ilichukua mapigo mengi. Ndiyo sababu Mackinder aliipa jina la Almasi. Ukiteleza pale huna pa kushika. Mchongaji alikuwa Ollier, Mackinder akifuata nyuma, na hilo yafaa lisemwe wazi: bila mikono ya Ollier na Brocherel, profesa asingefika. Saa sita mchana, tarehe 13 Septemba 1899, watu watatu walisimama juu ya Batian. Mackinder alikuwa na miaka 38. Hakuna aliyerudia jambo hilo kwa karibu miaka 30, hadi Januari 1929, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipofika Batian kwa kupitia Nelion.

Majina ya vilele alipendekezewa na Hinde, ofisa wa serikali aliyeishi miongoni mwa Wamaasai. Batian ni Mbatian, laiboni aliyekuwa ameshafariki. Nelion ni Neilieng, ndugu yake. Lenana ndiye huyu wa barabara yetu, aliyekuwa hai bado na aliyekuja kufariki mwaka wa 1911. Mabonde na barafu wakagawana Wazungu: Teleki, Hausburg, Gregory, Darwin, na Mackinder mwenyewe. Wakikuyu, ambao miguu ya mlima ni mashamba yao na ambao watu wao 96 walikuwa katika msafara, hawakupata hata jiwe.

Mackinder alirudi Uingereza, na Januari 1900 akasimama tena mbele ya kile Chama cha Jiografia kusimulia safari yake. Safari hii hakuna aliyeweza kumwita mtu wa chaki tu. Shule ya Jiografia ilikuwa imeanzishwa Oxford mwaka ule ule wa 1899, naye ndiye mkuu wake. Baadaye aliongoza Chuo cha Uchumi cha London kuanzia 1903 hadi 1908, akawa Mbunge kutoka mwaka wa 1910 hadi 1922, na akatumwa kusini mwa Urusi mwaka wa 1919 kuwakilisha Uingereza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule. Mwaka wa 1920 akapewa cheo cha Sir.

Kinachomfanya atajwe hadi leo vyuoni, hata hivyo, si mlima wetu. Ni hoja aliyoitoa mwaka wa 1904, kwamba kitovu cha nguvu za dunia kiko kwenye nchi kavu ya katikati ya Ulaya na Asia, mahali ambapo meli za kivita haziwezi kufika lakini reli zinaweza, na kwamba dola itakayopashika mahali hapo itakuwa hatari kwa wengine wote. Wataalamu wa siasa wamebishana juu ya maneno hayo zaidi ya karne moja, na vita vya Ukraine vilipozuka waliyatoa tena kabatini. Nimejaribu kuuliza katika hoja hiyo sisi Waafrika tuko wapi. Tuko pembeni ya ramani. Na mtu huyu alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe jinsi reli moja ilivyoibadilisha nchi, hapa hapa Nairobi. Alifariki tarehe 6 Machi 1947, akiwa na miaka 86.

Kitabu cha safari yake ya Kenya hakukitoa maishani mwake. Kilibaki kurasa zilizopigwa chapa hadi mwaka wa 1991, kilipochapishwa na kuhaririwa na Barbour. Na pamoja na kurasa hizo ilikuwapo orodha ya wapagazi. Katika orodha ile, mbele ya majina ya Waswahili wanane, paliandikwa maneno mafupi yenye maana kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanane! Simulizi alilowasomea wasomi wa London halikuwataja. Wanajiografia wamekuwa wakijadiliana maana ya maneno hayo tangu yalipojulikana, wengine wakiyachukua kama ushahidi wa mauaji ya waliotaka kutoroka, wengine wakitaka uthibitisho zaidi. Ukiwaongeza wale wawili waliouawa wakitafuta chakula, ni watu kumi wa pwani ambao hawakuliona tena gari moshi la kurudi Mombasa.

Walimu wetu wa historia hutuuliza katika mtihani nani alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, na alama moja hupatikana kwa kuandika Mackinder. Ni sawa, jibu ndilo hilo, na Ollier na Brocherel wangestahili nusu alama kila mmoja. Ila mtihani haujauliza bado ni nani waliobeba mahema, kamba na unga hadi penye barafu.

Leo ukipanda kwa njia ya Naro Moru, utalala katika kambi iitwayo kwa jina la Mackinder, kwenye kimo cha mita 4,200 hivi, ndani ya Bonde la Teleki. Bonde la Mackinder lenyewe liko upande wa kaskazini, na kambi iliyomo humo, kwa wanaokuja kwa njia ya Sirimon, inaitwa kwa jina la Shipton. Mchanganyiko huo umeshawapoteza wageni wengi kwenye ramani. Wapagazi bado wapo, vijana wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria, wakiwa na viatu sasa, wakibeba mizigo ya watalii na kuwatangulia kambini ili chai iwe tayari. Barafu ya Lewis waliyoivuka wale watatu imepungua sana na kupasuka, na barafu ya Gregory imekwisha kabisa. Ile ya Almasi aliyoichonga Ollier nayo imeyeyuka kiasi kwamba njia ya 1899 haiwezi kupandwa tena kama walivyoipanda wao. Majina ya Wazungu yamebaki juu ya ramani hata pale barafu zenyewe zinapotoweka. Majina ya wale Waswahili wanane yako katika orodha, yameandikwa moja moja, na yeyote anayetaka kuyasoma anaweza kuyasoma.